Mashine ya Kukatia Majani ya Ngitili

Kaka yangu anafanya kazi mgodini, upande wa Bugarama, na nyasi fupi za kambi ya mabosi zimemharibu macho. Alipomaliza kujenga nyumba ya kustaafia kwenye ardhi ya marehemu baba, huku kwetu Kharumwa, alisimama barazani akatazama eneo lote hadi barabarani, akasema majani haya ni aibu. Angenunua mashine ya kuyakatia, ile ya kukaa juu na kuendesha kama trekta.

Majani hayo ni ngitili. Baba ndiye aliyeyatenga: mvua zikinyesha hakuna ng'ombe anayeingia, yanaachwa yarefuke, na kiangazi kikibana ndipo yanafunguliwa. Bila hayo ng'ombe wa mama hawafiki masika. Kaka amechunga hapo utotoni, na bado aliniuliza kwa nini ng'ombe wasile kwingine. Nilikasirika, nikamwacha barazani peke yake.

Mama hakubishana naye. Asubuhi ya kwenda Kahama kuchagua mashine, alinivuta kando ya zizi.

"Mwache achukue mashine nyepesi," alisema. "Mawe ya mle ngitilini yataivunja mapema. Wewe usimfundishe."

"Sawa, mayu," nikamwitikia, na moyoni nikacheka.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Aligonga kwa kidole bamba linalofunika visu vya mashine ya kwanza. Likalia kama debe tupu. Akagonga la pili, chuma kinene kilichochomelewa, halikulia. Hii ya kwanza ni ya bustani ya mjini, alisema, hii nyingine ni ya kazi.

"Eneo lako likoje, kaka?"

"Tambarare," kaka alijibu, kisha akanigeukia. "Au siyo, mdogo wangu? Wewe ndiye unayekaa huko."

Nilisema ni udongo laini tu. Uongo ulinitoka bila kukwama. Kaka akapanda kwenye ile nyepesi, akashika usukani, akanitabasamia. Mvi zake zote hazikuonekana kwa furaha ile, nami nikazidi kumkasirikia.

"Ila uangalie mashimo," muuzaji alimwambia. "Gurudumu likizama, mashine inakulalia, na visu bado vinazunguka."

Hapo nikakumbuka mashimo ya kwetu. Baada ya baba kufariki, wachimbaji walisikia tetesi za dhahabu wakaja kutoboa maduara, yale mashimo yao ya kushuka chini, kwenye ngitili yetu. Waliambulia patupu wakaondoka bila kufukia. Majani yamefunika midomo yote. Mimi na mama tunajua yalipo kwa mazoea ya miguu, kaka hakuwepo. Mama aliwaza mawe, nami nikawaza mawe pamoja naye.

"Shuka, kaka," nilisema.

Nikamweleza yote, mawe, vichuguu na maduara. Nilitamani anigombeze. Badala yake alinishukuru mbele ya muuzaji, akachukua ile ya chuma kinene, na hapo hapo akapiga simu kutafuta lori la kifusi na vijana wa kufukia. Nilijua hakuna kitakachoizuia tena mashine ile.

Nyumbani mama alikuwa ananisubiri zizini.

"Kachukua ipi?"

"Nzito. Nimemwambia habari za maduara, mayu. Angetumbukia."

Aliweka mkono mgongoni mwa ng'ombe aliyekuwa karibu. Niliona haya kumtazama usoni.

"Umefanya vizuri," alisema. "Hata mimi ningemwambia."

Kisha akaniuliza mnada wa ng'ombe ni siku gani, yeye ambaye kijiji kizima humuuliza siku za mnada.