Chai Si Kula, Si Kunywa

Kwetu chai haikuwa chai mpaka ikuunguze. Mama aliipakua ikiwa bado inatokota, akakukabidhi kikombe cha bati, akasimama hapo hapo kukutazama. Ukipuliza, umemtukana. Ukiiacha ipoe, aliimwaga nje ukiona kwa macho yako. "Hiyo ni maji ya kuoshea sufuria," alisema. Mimi na ndugu zangu tulishindana kumaliza, na wa kwanza alipewa utandu wa maziwa uliobaki kwenye sufuria. Sijisifu bure, lakini utandu huo niliula mimi karibu kila siku. Ulimi ulikufa ganzi, na bado nilitembea kifua mbele kama mtu aliyepita mtihani.

Sisi ni wakulima wa chai, upande wa Boito, kwa hiyo msidhani Mama hakujua sumu. Alizijua sana! Dawa ya kuua magugu haikuvuka mlango wa jikoni kwake. Mtungi wa dawa ukiisha aliutoboa kwa msumari, kwa sababu kuna jirani aliwahi kuuosha akatilia maziwa, na Mama alimsema mpaka nje ya kanisa. Aliyetoka kupiga dawa hakushika mtoto kabla ya kuoga. Mahindi yenye ukungu hata kuku hawakuyaonja. Sasa mtu kama huyo utamfundisha nini kuhusu kansa?

Mwaka juzi, mvua ndefu zilipoanza, nilimfuma akimpa mbwa ugali wake chini ya meza. Mama yangu! Mbwa ambaye siku zote alipewa teke tu.

"Mama, kuna nini?"

"Hawa watu wa kusaga unga siku hizi wanaharibu. Ugali imekuwa ngumu."

"Unga ni ule ule ninakula mimi!"

Akaisukuma sahani. Kisha akaweka kidole katikati ya kifua. "Inasimama hapa."

Mjomba, kaka yake, alianza hivyo hivyo. Ugali ulisimama, baadaye mkate, baadaye uji, na mwishowe hata maji hayakupita. Ilikuwa kansa ya koo, na alipofika hospitali alikuwa amechelewa. Mimi nikiogopa hupiga kelele, basi siku hiyo nilipiga mpaka ng'ombe wakageuka kunitazama. Nilimwambia tunaenda hospitali hata kama ni kumbeba mgongoni. Akasema mgongo wangu haubebi hata gunia la majani, nitambeba yeye?

Lakini alikwenda. Tulipewa tarehe ya kuingiziwa kamera kooni, na masharti kwamba asile wala asinywe kitu tangu jioni. Siku ikafika, tukaketi kwenye benchi, muuguzi akaja na karatasi zake.

"Mama, umekula kitu leo?"

"Hapana."

"Umekunywa?"

Mama akasimama wima. "Mimi? Mimi nimeokoka!"

Muuguzi akaangalia kikapu chetu. Kifuniko cha chupa ya chai kilikuwa kikichungulia nje, na kikombe chake bado kimelowa. Nilikuwa nimekwenda msalani dakika chache tu.

"Na hii ni nini, Mama?"

"Hiyo ni chai," Mama akamjibu taratibu, kama anayefundisha mtoto. "Chai si kula. Na si kunywa."

Benchi zima lilicheka, mpaka mzee mmoja akashika mbavu. Mimi sikucheka. Turudi wiki ijayo, walisema, na wiki hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote nilizowahi kuishi. Kila alipomeza, nilimeza naye. Mara ya pili nilikikagua kikapu mwenyewe, nikamkagua na mifuko ya sweta. Alinitazama kwa dharau ya mtu aliyenizaa.

Kamera ikaingia, wakakata vinyama vidogo vya kupima. Tuliporudi kuchukua majibu, daktari, msichana ambaye angeweza kuwa mdogo wangu, alimwuliza Mama kwanza jinsi anavyokunywa chai.

"Moto kabisa!" Mama akasema, akingoja kusifiwa.

Daktari akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba si kansa. Mimi nililia pale pale, bila aibu, makamasi na yote. Lakini kuna mahali koo limeungua, likapona, likaungua tena miaka na miaka, na koo la namna hiyo linaweza kugeuka saratani siku moja. Atapewa dawa, atarudi kuangaliwa, na chai aiache ipoe kwanza mpaka aweze kukumbatia kikombe kwa viganja bila kuruka.

Mama alikasirika. "Chai tunapanda wenyewe! Tunachuna wenyewe! Itatuuaje?"

"Si majani, Mama. Ni moto."

Njia yote ya kurudi alikikumbatia kikapu chake. Nilijua anamfikiria kaka yake, maana walishindana kumaliza chai hivyo hivyo utotoni.

Jioni nikapika chai, nikapakua vikombe viwili. Chake nikakisogeza mbali naye, na nikaanza hotuba: usiguse, ngoja, hukusikia daktari? Huku nikihutubu, mkono wangu ukainua changu ukakipeleka mdomoni, mvuke ukinipanda puani.

Mama alinipiga kofi mkononi. Chai ikamwagika mezani.

"Na wewe, mshindi," akasema, "ugali inapita?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilitaka kucheka nikashindwa. Nikameza mate kwanza, polepole, nikiyasikiliza yakishuka.

"Inapita, Mama."

"Weka chini."

Nikaweka. Akachukua kijiko, akazoa utandu wote kwenye sufuria, akaushikilia juu ya meza.

"Siku hizi anakula wa mwisho," akasema.

Tukakaa tukivitazama vikombe, na hakuna kati yetu aliyegusa.