Asubuhi Nilipotoboa Ukuta wa Mama Mkwe

Mpaka leo nikiukumbuka mlenda niliokula mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, mate ya kichefuchefu hunijaa mdomoni. Niliula gizani, tena nikaomba niongezewe.

Nilikuwa nimeolewa upande wa Mlali, kwenye tembe refu la udongo lenye mlango mmoja mfupi. Mwanga ulioingia ni huo wa mlangoni tu, nao uliishia hatua tatu. Kutoka hapo ulijua vitu kwa kupapasa: huku kihenge cha uwele, huku jiwe la kusagia, huku ndama na mikojo yao, kule kitanda cha ngozi nilicholalia na binti yangu mchanga. Mume wangu alikuwa amechukuliwa na Wajerumani kwenye kazi ya reli, tukabaki mimi na mama mkwe.

Mama mkwe alisifika kwa usafi. Uani kwake hukuti jani. Ukiacha kata bila kuisuuza, utasemwa mpaka jua lizame. Kwenye ugali wake nilikuwa nakuta vipunje vigumu, nikadhani ni maganda ya uwele. Nikavitafuna.

Mtoto alipofikisha miezi minne, akashikwa na homa. Ikamwachia, baada ya siku chache ikarudi. Ikamwachia tena, ikarudi. Mama mkwe akasema ni kijicho cha majirani. Ndipo akapita mchuuzi wa chumvi kutoka Kondoa, mzee aliyewahi kuwa mpagazi wa misafara. Aliomba maji. Alipomwona mtoto mgongoni kwangu, akaushika mkono wake, akayatazama madoa mekundu yaliyoujaa.

"Binti, mnalala wapi?"

"Ndani, mzee."

"Hii ni homa ya papasi. Sisi wapagazi tulikubali kulala nje na fisi wanalia, lakini si ndani ya tembe. Tieni mwanga humo. Papasi ni kupe wa nyufani, hapendi jua."

Dirisha nililijua. Kabla sijaolewa niliteka maji nyumbani kwa Mzungu mmoja Mpwapwa, na kila asubuhi mkewe alifungua mbao za dirisha, akayageuza matandiko juani. Nikamwomba mama mkwe ruhusa ya kutoboa ukuta wa mashariki.

"Mwanga wa nini?" akaniuliza. "Ugali haujui njia ya mdomoni?"

"Mama, mtoto anakufa."

"Wangu saba wamelala humo humo."

Sikumuuliza wangapi walikuwa hai. Nilijua ni wawili.

Asubuhi alipokwenda kisimani, nilimlaza mtoto uani, nikachukua jembe. Udongo ulianguka kwa mabonge, fito mbili zikakatika, na jua likaingia kwa kishindo, kama mtu aliyezuiwa mlangoni miaka mingi.

Kwanza niliona kitanda. Niliinua ngozi. Chini yake vumbi lilikuwa linatembea. Papasi wa kijivu, wamevimba kama mbegu za mbono, walikuwa wanakimbilia kwenye nyufa. Nilikanyaga mmoja, akapasuka, ikatoka damu nyeusi. Damu ya nani? Yangu au ya mwanangu?

Nikageukia kihenge. Kando yake, juu ya ungo wa unga, palitapakaa mavi ya panya, na kwenye kona kiota cha vitoto vyekundu visivyo na manyoya, vinajinyonganyonga. Chungu cha mlenda wa jana kilikuwa wazi. Mende wawili wamezama, mmoja bado anapunga mguu. Hapo nikavielewa vile vipunje. Nilitoka mbio, nikatapika penye ule uwanja uliofagiliwa vizuri, nikatapika mpaka ikabaki nyongo.

Mama mkwe alinikuta nimeinama. Aliutua mtungi, akaingia ndani. Alikaa humo muda mrefu. Nilipochungulia, alikuwa amechuchumaa karibu na tundu, ameshika ngozi ya kitanda chake mwenyewe, ameileta karibu kabisa na macho, karibu kugusa pua. Ndipo nilipojua kwamba haoni vizuri, na hakuna ajuaye tangu lini.

"Niondolee hawa papasi," akasema, bila kunitazama. "Na mgongoni niangalie."

Nilimwangalia. Nilifanya hivyo meno nimeyauma, pumzi nimeibana. Sitadanganya kwamba nilimhurumia. Huruma ilikuja baadaye sana. Siku ile nilikuwa na kinyaa tu, naye alikijua, maana nilimgusa kwa ncha za kucha tu.

Tulichoma ngozi zote. Unga tukamwaga. Nyufa tulizimwagia maji yanayochemka, tukakandika upya kwa udongo na majivu. Ndama wakajengewa banda lao. Homa ilimrudia mtoto mara moja tena, hafifu, kisha ikamwacha kabisa.

Mume wangu aliporudi kutoka relini, alilitazama tundu, akasema fisi ataingiza kichwa, lizibwe.

"Weka fito, usizibe," mama yake akamjibu. "Ukitaka giza, kajenge kwako."

Kijiji kizima kilinisema. Wengine walidai nimemvua mama mkwe nguo mbele ya watu, na kwa namna fulani ni kweli. Lakini mimi, nikikaribishwa chakula ndani ya nyumba yenye kiza, huchukua sahani yangu nikatoka nayo nje. Huniita mwenye maringo. Nami hugeuza kila tonge kabla sijalimeza.