Mkeka wa Bi Harusi Mtandaoni

Ipo asubuhi moja pale kijijini kwetu Vitongoji ambayo haijanitoka akilini, mwanangu. Nilikuwa kijana, nimepata simu yangu ya kwanza yenye kamera nzuri, na nilikuwa nimemfungulia shangazi yangu, Bi Time, ukurasa wa kuuzia mikeka yake ya ukindu. Hakuna aliyenifundisha. Saa nzuri ya kutuma picha na namna ya kuwajibu wanaouliza nilizichunguza mwenyewe, nikaziandika daftarini.

Asubuhi hiyo alikuwa ametandaza mkeka ulioagizwa na jirani yetu, Bi Asha, kwa harusi ya binti yake. Nakshi yake alikuwa ameitunga kwa ajili ya binti huyo tu. Desturi ya shangazi ilikuwa kuufunika mkeka wa bi harusi kwa kanga mpaka siku ya kutandikwa, na mimi nililijua hilo. Alipoingia ndani kusali Dhuha nikaupiga picha, nikaituma.

Kufika adhuhuri watu walikuwa wakiulizia wa namna ile ile, hata kutoka Unguja. Nilifurahi mno. Alasiri akaja Bi Asha.

"Bi Time, mkeka wa mwanangu umeshakaliwa na Unguja nzima!"

"Umekaliwa vipi, nao uko hapa?"

"Kwa macho! Mawifi zake wananionyesha kwenye simu. Hata mpishi wa biriani anaujua!"

"Lakini Bi Asha," nikasema, "watu wameupenda sana."

"Nyamaza wewe, bwana matangazo!"

Shangazi hakunigombeza mbele ya mgeni. Bi Asha alipoondoka aliniuliza jambo moja tu: "Ulimwomba nani ruhusa?" Akachukua kisu, akafumua mishono ya mkeka, akazitoa kanda zenye nakshi ile iliyokwisha kuonwa, moja baada ya moja. Harusi ilikuwa imebaki mwezi mmoja. Mwezi wote nilichana ukindu, naye akasuka nakshi nyingine. Mkeka ulifika kwa wakati. Ila mdogo wake bi harusi alipoolewa, mama yake aliagiza mkeka kwa msusi mwingine, kijiji cha Pujini.

Tangu hapo nimeona mengi yakibadilika. Baada ya picha zikaja video fupi, kisha watu wakaanza kuuza moja kwa moja hewani, na sasa ipo programu inayokuandikia tangazo hujamaliza hata kufikiri. Jifunze yote hayo bila kuona haya, maana ukibaki na ya jana wateja hawatakuona. Lakini mtandao hautakuuliza unachokituma ni cha nani. Jiulize mwenyewe kabla ya kubonyeza. Kikiwa cha mteja, subiri akuruhusu. Ukishakituma, kukifuta hakuwafanyi watu wasahau walichokiona. Picha ile ilituletea wafuasi wengi, na wengi wao hawakununua kitu. Aliyekuwa akinunua ndiye tuliyempoteza.

Mwenyezi Mungu akufungulie riziki ya halali, mwanangu, na akujaalie wateja wasioogopa kukuachia vitu vyao.