Sura kwenye chupa ya asali

Leo nimeungama, tena mbele ya mpiga picha.

Alitoka mjini Baraka kuja kunipiga picha ya kubandika kwenye chupa za asali yetu, mimi kama mvunaji jasiri.

Nikaona nisiende kaburini na uongo huo. Nikamwambia ukweli: mimi naogopa nyuki. Miaka yote hii anayepanda mtini kuvuna ni mke wangu. Mimi nawasha moshi chini, halafu nakimbia. Tulificha kwa sababu kwetu mizinga ni kazi ya wanaume.

“Mpige yeye,” nikasema.

Mke wangu akacheka, akamwambia mpiga picha: “Hapana, papa. Piga huyu muzee. Akishakufa, hakuna muntu atakuja kumuomba asali ya bure, lakini mimi wataniomba kila siku.”

Basi nimepigwa. Mkiiona chupa, semeni kweli: nafanana na jasiri?