Mshenga Aliyeisikia Kengele

Jamani, mimi ndiye niliyemkosesha rafiki yangu mke, tena kwa hotuba nzuri! Kosa ni langu, asinitetee mtu.

Tangu sekondari naitwa bingwa wa midahalo, na hadi leo nawafundisha wanafunzi. Kwa hiyo Deo alipotaka kumwoa Oliva wa Mwimbi, alinifanya mshenga wake. Mama yake alinionya tukiondoka Sumbawanga: "Mwanangu, unakwenda kuomba, siyo kushindana. Sema kidogo." Nikacheka moyoni. Kidogo? Mimi?

Tulipokewa vizuri. Baba mkubwa wa Oliva akaanza kumshusha binti, kama desturi ilivyo: "Huyu wetu bado mtoto, hata kusonga ugali hajui. Mmempendea nini?" Jibu lake kila mtu analijua: "Hivyo hivyo tumempenda, mzee." Unasema, unakaa, mnaletewa chakula.

Mimi nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa mzee, napinga hoja!"

Nikamsifu Oliva mpaka shangazi zake wakapiga vigelegele. Ningeishia hapo! Lakini kwenye mdahalo tunafundisha hivi: kiri kwanza udhaifu wa upande wako ili uaminike, kisha mwaga sifa. Nikaanza kukiri. Nikasema Deo ni mvivu wa kuamka. Nikasema shamba lake la mahindi limemezwa na majani. Nikasema hasira zake hata mbwa wa kwao anazijua. Deo akanivuta suruali, nikadhani ananipongeza.

Nikavuta pumzi. "Hata hivyo..."

Ngriii! Nje mtu kapita na baiskeli.

Ndugu zangu, kwenye mdahalo kengele ikilia msemaji anakaa. Nikakaa! Miguu ilitii kabla ya kichwa.

Mzee akaniangalia kwa huruma. "Ahsante, mwanangu. Nimeoza mabinti wengi, sijawahi kuona mshenga mkweli namna hii. Oliva haondoki hapa."

Nikanyanyuka kueleza kwamba sifa zilikuwa njiani. "Keti," akasema, "tumekuelewa." Kutoka chumba cha ndani nikamsikia Oliva analia. Kilio kile kinaniuma mpaka leo.

Deo hanisemeshi. Tukikutana Mazwi, hapa mjini kwetu, nafungua mdomo nimwombe radhi, yeye anapiga kengele ya baiskeli yake, nami nanyamaza.

Enyi mnaojua kusema, mkitumwa kuomba, ombeni kwanza ndipo mkae. Mimi nilikaa kabla sijaomba!