Video ya Mvua ya Mama

Mama yangu ana kipima-mvua nyuma ya jikoni, huko Kanyangi, na ana daftari. Kipima-mvua alipewa na afisa wa kilimo mwaka ule mafuriko yalipobeba daraja letu la mtoni, na tangu siku hiyo ameandika. Kukinyesha usiku, asubuhi anatoka na leso mabegani, anainama, anasoma, anarudi ndani kuandika. Ukimsalimia kabla hajaandika anakujibu kwa mkono tu, kama askari wa barabarani. Mimi nilikuwa darasa la tatu alipoanza. Siku hizi nafundisha hesabu katika shule ya upili nje ya Emali, na hajawahi kuniuliza swali la hesabu hata moja.

Daftari lenyewe si la mvua peke yake. "Mvua 14. Mbuzi mweupe amezaa mapacha." "Mvua 3, ya kudanganya." "Sifuri. Mwenyekiti amepita akiimba." Miaka ishirini na miwili imekaa humo, katika madaftari sita yaliyofungwa kwa utepe wa sare yangu ya zamani.

Huyo mwenyekiti aliyekuwa akiimba ni wa kikundi chao cha mwethya, majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu. Wana pia shamba moja la pamoja kando ya mto, na chakula chake hugawanywa kwa kila nyumba. Kila mwaka kabla ya mvua ya Novemba hukutana kanisani kubishana watapanda nini. Mama husema ndengu na mtama. Wengine husema mahindi, kwa sababu watu wetu, hata wakila nini, kama si mahindi na maharagwe watakwambia hawajakula. Mahindi yalikuwa yamekauka misimu mitatu mfululizo. Mama aliposimama na daftari lake, mwenyekiti, mzee wa kanisa asiyeachana na redio yake, alimuuliza kwa upole, "Mama, mvua ni ya Mungu. Hiyo kopo yako ni ya nani?"

Kanisa zima lilicheka. Mama naye alicheka, lakini akanipigia simu kabla hajafika nyumbani.

"Mwalimu," akasema. Huniita mwalimu akitaka kitu. "Hawa watu hawawezi soma graph. Lakini video wanaangalia hata wakikamua ng'ombe. Si unitengenezee video ya hii book? Tumeahirisha mkutano mpaka Jumamosi ile ingine."

Nilikuwa nimejifunza kuandika programu wakati wa likizo, kwa kuiga watu wa kwenye mtandao, na nilikuwa na majivuno ya mtu aliyejifunza kitu peke yake. Nilimwambia hiyo ni kazi ya jioni mbili. Mwalimu mwenzangu anayetoka Kilungu, kule vilimani wanakovuna mpaka maparachichi, alinikuta ofisini nikiingiza namba na akaniuliza kama kwetu tunahesabu mvua kwa tone. Nikamwambia ndiyo, na tone la jana bado tunalitafuta.

Kuchora kulikuwa rahisi. Kila msimu ulikuwa fremu moja: mstari wa buluu unaopanda na kushuka wiki kwa wiki, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na mwaka ukiwa umeandikwa juu. Kwenye kompyuta yangu mstari ulicheza vizuri, nikaufurahia mno. Taabu ilikuwa kuutoa humo. Mchoro unaocheza kwenye kompyuta yako ni wako peke yako; mama wa Kanyangi anahitaji faili. Mara ya kwanza nilihifadhi nikapata picha moja, ya msimu wa mwisho, imetulia kama picha ya kitambulisho. Mara ya pili niliagiza video, MP4, nikapata maandishi mekundu yakisema programu ya kuunganisha fremu haipo. Nilijaribu kuipakua na bando likaniishia katikati. Mara ya tatu nikaandika GIF, ile picha inayocheza bila sauti, na kompyuta ikakubali bila swali. Ningejiuliza kwa nini imekubali upesi hivyo, lakini mtu aliyekataliwa mara mbili haulizi.

Toleo la kwanza lilipita kwa fremu kumi kwa sekunde. Mama akajibu, "Umepitisha maisha yangu yote na sijavaa miwani." Nikapunguza mwendo hadi fremu moja kwa sekunde, akaridhika, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la mwethya. Watu waliweka mikono ya kupongeza. Mmoja akauliza mbona haina sauti. Niliwajibu kwa unyenyekevu wa uongo, nikaenda kulala nikiwa msomi.

Siku mbili baadaye mama alipiga tena, na hakuniita mwalimu.

"Wewe, umeambia watu nini?"

Ni hivi. GIF ikifika mwisho hurudi mwanzo, na haichoki. Fremu yangu ya kwanza ilikuwa msimu wa mafuriko, mstari unaogusa juu kabisa. Ya mwisho ilikuwa mwaka jana, mstari unaotambaa chini kama mjusi mgonjwa. Wanakikundi waliiangalia vizuri, kwa makini kuliko nilivyoiangalia mimi. Waliona miaka ikifuatana, mvua ikipungua, mwaka jana ukipita, na baada ya mwaka jana, mafuriko. Walirudia kuiangalia wakaona vilevile. Kwetu tunajua kwamba misimu huzunguka, na hapa palikuwa na video ya mtu aliyesoma ikiizungusha mbele ya macho yao. Wakaelewa kwamba hesabu imeonyesha mwaka huu ni ule wa daraja.

Mwenyekiti alikuwa ameshatoa shukrani kanisani. Jirani mmoja alikuwa amehamisha zizi la mbuzi kutoka bondeni. Na lile shamba la pamoja, watu walikuwa wameshaanza kulilima tayari kwa mahindi, kila mmoja akisema hata mama wa kopo amekubali.

"Umenifanya nabii," mama akasema. "Tena nabii wa uongo."

Nilicheka. Kisha nikaona aibu, kwa sababu niliielewa sauti yake. Mahindi yakipandwa kwa jina lake na yakauke, nyumba zile zote zingekosa chakula, na hakuna mtu Kanyangi ambaye angelisikiliza tena daftari lile. Miaka ishirini na miwili ya kuinama nyuma ya jikoni ingeishia hapo, kwa sababu binti yake hakuandika kwenye mstari wa kuhifadhi kwamba mchoro usirudie.

Ijumaa nilitumia mtandao wa shule kupakua ile programu iliyonikataa, nikaomba ruhusa, nikaenda Kanyangi na kompyuta mgongoni. Mama aliniandalia chai, akavaa miwani, akakaa mbele ya mashine kama mkaguzi wa shule. Nikampitishia msimu mmoja mmoja. Alikuwa akitikisa kichwa, huu ndiyo, huu ndiyo, mpaka tukafika mwaka mmoja ambao katikati ya Novemba mstari ulianguka hadi chini kabisa, ukalala hapo wiki nzima, kisha ukapanda tena.

"Huu haukuwa hivi," akasema.

Nikafungua daftari. Wiki hiyo hapakuwa na kitu. Hapakuwa na namba wala mbuzi. Mimi, wakati wa kuingiza, nilikuwa nimejaza sifuri ili programu isilalamike.

"Hiyo ni wiki ya baba yako," akasema.

Baba alikaa hospitalini siku nne, na siku tatu baadaye tukamzika. Nilikuwa kidato cha pili. Nilijua mwaka wenyewe, na bado nilikuwa nimepiga sifuri saba mfululizo bila vidole kusita. Iliniuma, na nikamwambia hivyo.

"Sikulaumu," akasema. "Lakini usiandike sifuri mahali sikupima. Sifuri ni jibu. Hapo sina jibu. Kata hiyo laini."

Nikaukata. Mstari ukafika pale, ukaacha nafasi nyeupe, ukaanza tena ng'ambo. Mama akasema sasa ni sawa. Kisha akauliza, "Na mwaka huu uko wapi?"

"Mwaka huu haujanyesha, mwaitu," nikasema, kwa jina la Kikamba la kumwita mama. "Hauna namba."

"Kwani unaona niko na namba na nimekuficha? Weka vile uko."

Nikaongeza fremu ya mwisho: mwaka juu, wiki chini, ndani hamna kitu. Nikaiagiza ikae sekunde kumi. Nikahifadhi kama MP4, na safari hii kompyuta ilihesabu fremu zake polepole mpaka mwisho bila maandishi mekundu. Niliiangalia mara tano kuhakikisha kwamba ikiisha, inaisha.

Jumamosi kanisani tuliweka kompyuta juu ya meza ya sadaka, watu wakasogea. Mwenyekiti alizima redio, jambo ambalo mama aliliandika baadaye kwenye daftari. Mafuriko yalipita, watu wakaguna kwa kumbukumbu. Miaka ikafuata. Mstari ukawa unachelewa kupanda, na ukipanda unachoka mapema. Mwaka jana ukatambaa. Ikaja fremu tupu, ikasimama.

Wakangoja mafuriko. Hayakuja.

"Imekwama," mwenyekiti akasema.

"Haijakwama," mama akajibu. "Imefika mahali tuko."

Mwenyekiti, ambaye hakubali kushindwa kwa urahisi, aliniomba nirudishe nyuma kidogo, kidogo tena, mpaka kwenye ule mstari uliokatika. Akaweka kidole kwenye pengo. "Na hapa? Hapa pia tulikuwa tunangoja? Ama kopo ilikuwa imetoboka?"

Watu wachache wakacheka. Mama hakucheka.

"Hapo ni ile wiki ya kuzika mzee wangu," akasema. "Sikupima. Kwa hivyo sijui."

Mwenyekiti aliacha kidole chake pale kwa muda. Yeye ndiye aliyeongoza vijana waliochimba kaburi lile, na nadhani wote mle ndani walikumbuka hivyo kwa wakati mmoja.

"Ilinyesha," akasema. "Ilinyesha mpaka tulichimba mara mbili, udongo unarudi ndani. Ungeandika tu namba kubwa, mama, na hakuna mtu angekuuliza."

"Sikupima," mama akasema tena.

Mwenyekiti akaondoa kidole. Akawageukia watu, na hakuwa anatania. "Mtu ameacha nyeupe hata hiyo wiki," akasema, "huyo hajatudanganya hizi zingine. Katibu, andika ndengu na mtama."

Katibu akaandika. Mtu mmoja kwa nyuma aliuliza kama mahindi hayawezi kupata hata mistari miwili pembeni, akaambiwa akae. Mama alivua miwani akaifuta kwa ncha ya leso, muda mrefu kuliko miwani yoyote inavyohitaji. Kisha akaniambia nizime hiyo mashine kabla sijamaliza betri.