Rangi ya Mgunga

Nilipokuwa mtoto huko Ndabibi, mwanamke mjamzito hakuthubutu kupumzika chini ya mgunga wa manjano. Ukilipapasa gome la mti ule, unabaki na unga wa rangi mkononi, na watu waliamini kwamba rangi hiyo humwingia mtoto tumboni. Mama yangu alikuwa mtu wa kucheka mambo kama hayo. Siku moja akitoka kuteka maji, mimba ikiwa kubwa na jua kali, alitua debe akaketi kivulini pa mgunga, na watu wakamwona.

Mdogo wangu alizaliwa mzima kabisa. Baada ya siku mbili tatu macho yake yakawa manjano, kisha uso, kisha kifua. Nyanya, mama yake Baba, alimkagua mlangoni penye mwanga. Mtoto alikuwa amepewa jina la marehemu babu, kwa hiyo, kwa desturi yetu, Nyanya alimwita "mume wangu", wala hakuwa anatania. Aliogopa kufiwa naye mara ya pili.

"Mama Njeri, hebu kamua kidogo nione," alisema.

Mama akajikamulia kiganjani. Dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, yalikuwa manjano.

"Si unaona? Mti uko kwa maziwa. Hatanyonya tena mpaka rangi imtoke. Tutampa maji ya sukari."

Mama, yule wa kucheka, alilia. Baba hakuweza kumpinga mama yake. Mtoto naye alilia mchana kutwa, na kesho yake akaanza kunyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikonitia hofu.

Wiki iliyotangulia ndama alikuwa amenipiga teke kwenye muundi. Damu ikavilia ndani, pakawa zambarau, halafu kijani. Asubuhi ile nikinawa miguu niliona pamegeuka manjano. Nikamkimbilia Nyanya, nikapandisha gauni.

"Nyanya, tazama! Na mimi sikukaa chini ya mti. Wala sinyonyi."

Alilowesha kidole kwa mate akasugua. Rangi haikutoka.

"Si hapa ndipo ulipigwa teke?"

"Ndiyo. Ilikuwa damu tu, Nyanya."

Aliutazama mguu wangu, akamtazama mtoto, akarudi kwa mguu. Kisha akamwinua mtoto, akamweka mapajani pa Mama.

"Haya," alisema. "Mpe mume wangu ale."

Nimefundisha wauguzi mjini Nakuru maisha yangu yote, na somo hili ninaliringia. Chembe nyekundu za damu zikichakaa, mwili huzivunja. Kile kinachozipa wekundu hugeuka kijani, halafu manjano, iwe ni katika mguu uliovilia damu au mwili mzima. Ini huichukua rangi hiyo, huipitisha kwenye nyongo, nayo hutoka na choo. Mtoto mchanga ana chembe nyingi za kuvunja na ini lake bado linajifunza kazi. Ukimnyima maziwa choo hakitoki vizuri, na rangi hurudi kwenye damu. Si kila manjano huisha kwa kunyonya. Mengine yanataka hospitali mbio, na hakuna mwanafunzi wangu anayetoka darasani bila kulijua hilo.

Mdogo wangu alinyonya akapitiwa na usingizi, akaamka akanyonya tena. Alipochafua nepi, Nyanya aliikagua, akatoka nayo nje akiwaita majirani. "Mti umetoka! Njooni muone!" Imani yake juu ya mgunga hakuiacha hata siku moja, lakini hadi anakufa alimsimulia kila mgeni kwamba mume wake aliponywa na mguu wa Njeri. Sijawahi kupewa sifa kazini iliyonijaza kifua kama hiyo.

Ndugu yangu sasa ni mzee wa mvi. Akinipigia simu, kabla ya kuuliza habari za watoto, huuliza kwanza habari za mguu. Namjibu haujambo, bado unaringa.